Nilivyowalainisha wa Nyumbani

Kenyamonta

Dada Nyangi, shikamoo.

Mkoa mzima wa Mara hakuna mdomo unaoufikia wangu, na niliishia kidato cha pili tu; ningemaliza, mngenikimbia. Uliniomba niwabembeleze wakuruhusu usomee uuguzi. Wamekubali wote, tulia hapo Turwa kwa shangazi.

Bibi sikumtajia chuo kabisa. Nilimkanda goti nikasema, "Nyangi akiwa nesi, sindano utachomwa na mjukuu wako, si hawa wageni wenye mikono mizito." Akasema, "Basi aende hata leo." Mama nilimwambia wenzake wa kwaya watamwita mama nesi, akaanza kutembea kwa maringo ya mama nesi.

Tata ndiye alikuwa mgumu, baba ni baba. "Msichana atasoma mpaka lini?" Nikamwacha asifu ng'ombe wake kwanza, ndipo nikamwambia nesi haolewi kwa ng'ombe chini ya thelathini. Akacheka peke yake. Ada atalipa.

Mahindi yamestawi, nami nimeota ndevu.

Ila hapo kwa Tata nilizidisha, dada, unisamehe. Tangu juzi anapanua zizi, na jana mzee mmoja wa Mbalibali alikuja na mwanawe kuuliza unarudi lini.

Mdogo wako,
Nyamhanga