Benchi la Nyuma ya Ghala

Dada yangu,

Hatujambo kiasi. Bati la jikoni bado linavuja, na cherehani yako naitunza.

Uliniuliza kwa ukali nani alinifundisha sigara. Benchi, dada. Kiwandani tulikunja mashati tukiwa tumesimama kutwa, na msimamizi hakuruhusu mtu kutoka isipokuwa wavutaji: dakika kumi, nyuma ya ghala, penye benchi. Nikaomba sigara moja ili nipate kukaa. Mwanzoni hata moshi sikuumeza. Sasa ni miaka kumi na tisa, na daktari amenionyesha picha ya mapafu yangu. Hakusema mengi. Kaniandikia dawa ya maumivu tu.

Hilo nimeshalizoea. Linaloninyima usingizi ni binti yangu, aliyeshika nafasi yangu kiwandani. Juzi alirudi ananuka moshi. Nikamfokea mpaka kikohozi kikanikaba. Akanisugua mgongo, akanipa maji, kisha akasema taratibu, "Mama, miguu inaniuma."

Nikasogea kitandani, nikampisha akae.

Ni mimi, mdogo wako.