Boksi la Jabiri Nililolifunga kwa Mshumaa

Alhamisi. Mvua ya Kilburn leo si mvua, ni mtu anayekutemea mate huku anaongea na wewe.

Ninaogopa. Nalisema mapema ili nisije nikazunguka.

Mimi si mtu wa woga. Nyoka sikumwogopa, mume sikumwogopa, na ndege iliyonileta huku ughaibuni nilipanda nikalala mpaka wakaniamsha. Lakini tangu Jumanne woga umenikaa, na sababu ni boksi moja dogo, kiasi cha boksi la viatu vya mtoto, lililokuwa chini ya kitanda changu.

Mnaonifuata humu mtandaoni mnajua sikukanyaga shule. Naongea na simu, simu inaandika, ikikosea naigombeza. Leo nimeiambia iandike yote, hata ya aibu.

Boksi ni la Jabiri, mwanangu wa pili. Jumapili alikuja nalo ndani ya koti kama mtu aliyeiba kuku.

"Mama, nitunzie hili wiki moja tu. Kwangu watoto watalichokonoa. Usilifungue, tafadhali, na usimwonyeshe mtu."

"Lina nini?"

"Vitu vya zamani tu, Mama. Nitakueleza, niko late kazini."

Vitu vya zamani! Mtu ana mvi kwenye ndevu, ananijibu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Ghorofa ya juu yangu anaishi mama mmoja wa Kikongo. Mwaka jana mpwa wake alimtunzia rafiki yake begi. Naye aliambiwa wiki moja tu. Polisi walipokuja waling'oa mpaka zulia, na kijana bado yuko ndani. Mimi nilimsikia yule mama akilia kupitia dari. Basi nilipolala juu ya lile boksi, kila hatua kwenye ngazi niliisikia kama buti. Juu yake limechorwa mpira, ndiyo, lakini hata begi la yule kijana lilikuwa na jina la timu.

Jumanne saa nne asubuhi nilimaliza kufagia, nikafunga mlango kwa komeo, nikachukua wembe.

Boksi lilikuwa limevalishwa nailoni ngumu inayobana, kama ngozi ya ngoma. Nikaipasua chini, pale kwenye mshono wake, taratibu. Ndani nikakuta pakiti ndogo ndogo zimepangwa kama vipande vya sabuni. Nikachana moja mdomo. Moyoni nasema, Jabiri, ukiwa umeniletea unga wa kulevya humu nitakuua kabla polisi hawajafika.

Picha.

Kadi za picha. Wanaume warefu wamevaa kaptura, wanarukia mpira wa kikapu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mbili zilikuwa zimegandana kwa uzee. Mimi kitu kilichogandana sikiachi, nikazitenganisha kwa ukucha kama ninavyotenganisha chapati zilizotoka kwenye friza. Zikaachana kwa sauti ya kukwaruza. Nilipotazama, mtu mmoja mrefu alikuwa amebaki hana uso. Uso wake umebaki umebandikwa mgongoni kwa mwenzake.

Hapo kicheko kikaisha.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana kufungua si kosa kubwa. Kosa ni kwamba nilijua kufunga.

Miaka zaidi ya ishirini niliuza karanga stendi ya Korogwe, kwenye madirisha ya mabasi. Watoto wangu wote wamekula karanga zile. Mifuko nilikuwa nafunga mwenyewe kwa mshumaa. Unaukunja mdomo wa nailoni juu ya kipande cha msumeno wa chuma, unaacha ukingo mwembamba kama ukucha, unaupitisha kwenye moto. Ukichelewa unatoboka. Ukiwahi hauungi. Mkono ukitetemeka umeharibu mfuko. Mimi nilikuwa nafunga huku nikimgombeza mtu na macho yako barabarani.

Basi nikawasha mshumaa. Msumeno sina, nikatumia kisu cha siagi. Pakiti niliifunga mdomo kwa ncha ya pasi. Nailoni ya boksi niliiunga palepale ilipokuwa imeungwa, na ilipopwaya nikaipulizia ile mashine ya kukaushia nywele mpaka ikabana. Nikaligeuza boksi huku na huku.

Nikajisifu. Nikasema kwa sauti, mikono yangu haijazeeka! Shetani alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, ananipigia makofi.

Jana Jabiri alipita baada ya shift. Akaomba kulitazama boksi lake. Akalishika pembeni kwa vidole, akaliinua kwenye taa, akalitazama chini na juu.

"Kama nilivyoliacha," akasema. "Asante, Mama."

Ndipo akanieleza.

"Unakumbuka mwaka tuliofika, Mama? Nilikuwa sijui hata kuomba maji kwa Kiingereza."

Nakumbuka. Alikuwa na miaka kumi na moja, anarudi shule shati limelowa machozi, ananiambia ni mvua. Kumbe kulikuwa na mtoto mmoja wa Kihindi wa mtaa wa Harrow, Dipu, ambaye bibi yake alitokea Kisumu. Alimsogelea na kadi moja ya mpira wa kikapu, akamwambia kwa Kiswahili cha bibi yake, "Wewe chukua hii." Basi. Wakawa marafiki, wakaongezeka Msomali mmoja na Mjamaika mmoja, wanne. Walikuwa wananunua pakiti moja, wanaifungua pamoja, kila mtu anavuta kadi kwa zamu. Boksi zima hawakuwahi kulipata.

Sasa ni wazee wenye matumbo, na wamelipata. Boksi la mwaka uleule, halijafunguliwa tangu kiwandani, kwa mzee mmoja wa Barking, upande wa pili wa mji, aliyekuwa anafunga duka lake. Wamelinunua pamoja. Jumapili wanakutana kwa yule Msomali, hukohuko Barking, walifungue kwa zamu kama zamani.

"Na unajua, Mama, wote watatu walisema likae kwangu. Sikuomba. Dipu ndiye alisema, likae kwa Jabiri."

Aliposema hivyo alitabasamu. Mimi ni mama yake, tabasamu lile sijaliona miaka mingi.

Maana mwanangu huyu aliwahi kuitwa mwizi. Kazini vilipotea vitu, wakamtazama yeye, wakampekua mbele ya wenzake. Vitu vilikuja kuonekana, wakasema samahani, yakaisha kwao. Kwake hayakuisha. Mpaka leo akiingia dukani anatoa mikono mifukoni, anaiweka inapoonekana.

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Watajuaje kama halikufunguliwa?"

"Ah, kuna matapeli wa hizi. Wanafungua, wanachomoa kadi nzuri, wanafunga tena nailoni. Ndiyo maana lazima tulikague kwanza. Dipu ana kitochi chake cha kazi hiyo, anamulika mshono."

Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Na mimi nilifanya nini? Nilinyamaza. Nikamwongezea mchuzi. Naandika hili nikiwa na aibu ya kuvuliwa nguo. Nilinyamaza, na nilifikiri hivi: mshono wangu mzuri, hata yeye hakuuona, pengine na Mhindi hatauona. Nikaona kabisa jinsi nitakavyonyamaza mpaka nife.

Halafu nikamkumbuka yule mtu asiye na uso. Yumo mle ndani. Hata kitochi kisione kitu, siku ya Jumapili mmoja wao atavuta pakiti ile, na watu watatu watageuka wamtazame Jabiri.

Leo nilimpigia simu, nikamwambia aje mapema, sitaki aje na mtu. Alifika saa nane mchana na koti linachuruzika. Nilikuwa nimeweka mezani boksi, wembe, kisu cha siagi na kipande cha mshumaa. Sikumkaribisha chai, maana ningeanza chai ningejificha ndani ya chai.

Nilimwambia yote, tangu wembe mpaka mashine ya nywele.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini, mahali ninapoiona.

Mbele yangu. Mbele ya mama yake mzazi.

"Mama, ulidhani nimebeba nini?"

Nikamwambia. Neno lenyewe lilitoka dogo kama sisimizi.

"Na wewe pia," akasema.

Sikujua kwamba chini ya woga kuna woga mwingine. Nilikuwa naogopa wenzake watamwona mwizi, kumbe wa kwanza kumwona hivyo ni mimi, Jumanne saa nne asubuhi, na wembe mkononi. Nilitaka kumwambia kwamba nilifungua kwa sababu nampenda, na ni kweli, wallahi ni kweli, lakini hata waliompekua kazini hawakukosa sababu nzuri ya kusema. Nikasema tu, "Nimekukosea, baba. Si boksi. Wewe ndiye niliyekukosea."

Mvua inapiga dirisha.

"Watasema nimechomoa nzuri, nikafunga," akasema baadaye.

"Nitakuja mwenyewe Barking niwaambie ni mimi."

"Mama, kila mama atasema hivyo. Mwizi gani mama yake hasemi ni mimi?"

Na hapo alisema kweli. Ningekuwa mimi ni yule Msomali, nisingemwamini bibi kizee wa Korogwe aliyekuja na baibui lake kumfichia mwanawe. Ningemhurumia, ningempa chai, na mtoto wake nisingemkabidhi hata kiberiti.

Nikamtazama mwanangu, nikautazama mshumaa.

"Basi sitasema," nikamwambia. "Nitawafungia."

Hakunielewa mara moja. Nikamweleza. Nitakwenda na karanga, na mifuko, na kisu hiki cha siagi na mshumaa huuhuu. Nitakaa kwenye sofa la Msomali, nitawafungia mifuko mbele ya macho yao, halafu Dipu alete kitochi chake aweke mshono wa mfuko na mshono wa boksi pamoja. Mkono ni kama sauti, hauwezi kuukana. Jabiri hata kifungo cha shati hajui kushona, na hilo wenzake wanalijua.

Alisogeza mdomo kidogo. Sijui kama kilikuwa kicheko.

Akasimama, akavaa koti. Nilidhani atalichukua boksi. Hakulichukua. Alilisukuma kwa kidole upande wangu wa meza, akasema, "Treni ya saa nne Jumapili, Mama," akaondoka.

Kwa hiyo boksi liko hapa. Sijui ameniachia kwa sababu bado ananiamini, au kwa sababu hataki tena mikono yake ionekane karibu nalo. Nimelitazama jioni nzima na sijapata jibu. Kumuuliza naogopa.

Wajukuu zangu wananiita Bibi Karanga, wanadhani ni utani. Wangeniona leo. Baada ya Jabiri kuondoka nilitaka kujaribu, nikakunja mfuko, nikawasha mshumaa. Wa kwanza ukatoboka. Wa pili ukatoboka. Wa tatu nikauwahisha kwa woga, haukuunga, karanga zikamwagika mpaka chini ya jiko. Mkono uliofunga mifuko maelfu stendi unacheza kama jani, na mwenye mkono huo ni mimi.

Jumanne nilipokuwa nakosea ulitulia kama jiwe. Leo ninapotaka kutengeneza, unanikana.

Kesho ni Ijumaa, nitaswali, nitajaribu tena. Jumamosi nitajaribu tena. Jumapili nitalipakata boksi mwenyewe mapajani, treni zote mbili mpaka Barking, na Jabiri atakaa pembeni yangu mikono yake ikiwa mifukoni, au popote anapotaka kuiweka. Nitaketi mbele ya wale wanaume watatu, nitawasha mshumaa.

Ee Mola, woga nibakishie kama ni lazima. Mkono tu, dakika moja, usitetemeke.