Shangazi, Cheo Kimethibitishwa

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, huko uliko.

Nimekaa uani kwako hapa Kewanja, pale ulipokuwa ukichambua maharage ya kuwapikia wachimbaji. Hapa ndipo tulipojifunza chesi mimi na wewe. Unamkumbuka yule fundi wa kuchomelea kutoka Iringa, aliyefuata dhahabu akapanga chumba chako? Alikuwa na ubao lakini hakuwa na wa kucheza naye, akaamua kutufundisha sisi. Wewe ulimpenda farasi kuliko kete zote. "Huyu haombi njia," ulisema, "anaruka." Ulinifunga jioni nyingi sana. Siku nilipokufunga mimi, ulinikumbatia mikono ikiwa imejaa unga, ukapiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani ameolewa.

Miaka ikapita, nikafika mashindano ya kanda. Mchezo wa mwisho nilihitaji sare tu ili nifikishe nusu ya pointi zote, maana kwa nusu hiyo mwanamke anastahili cheo cha Mgombea Umahiri, ngazi ya kwanza ya vyeo vya dunia. Mpinzani wangu, dada mmoja wa Uganda, akapendekeza sare. Niliushika mkono wake kabla hajabadili mawazo, kisha nikatoka nje kukupigia.

"Shangazi, nimepata cheo!"

Nikakusikia ukiwatangazia wateja, "Bhoke wetu amekuwa mtu mkubwa!" Jogoo akachinjwa siku hiyohiyo.

Jioni mwamuzi akanieleza vizuri. Cheo ni changu, lakini hakitathibitishwa mpaka alama zangu za kiwango zifike pale panapotakiwa. Alama hizo hupanda ukimfunga aliyekuzidi, na hushuka vibaya ukifungwa na uliyemzidi. Zangu zilikuwa bado chini. Nilikupigia tena huku nalia, nikifikiria Kewanja nzima imeshaambiwa.

"Jogoo ameshaliwa, mwanangu," ukasema. "Hatuwezi kumrudishia manyoya. Nenda ukacheze."

Nikaenda. Mwanza, Dar, nikavuka mpaka pale Sirari hadi Nairobi. Kila mashindano yakiisha ulipiga simu, husalimii hata, unauliza tu, "Zimepanda au zimeshuka?" kama anayeulizia homa ya mtoto. Hata ulipolazwa uliuliza hivyo hivyo. Nilitaka kuahirisha safari ya Nairobi nikae nawe, ukakataa kabisa. "Ukikaa hapa utanitazama tu nikilala. Nenda." Niliporudi sauti yako ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Zimepanda?"

"Zimepanda, Shangazi. Bado kidogo."

Ulitabasamu, ukanishika kidole kimoja, ukalala. Wiki ile ile tukakuzika kwenu Machochwe.

Kwa muda mrefu sikugusa kete. Nilipoanza tena, nilicheza bila haraka, na safari hii sikuwa na wa kumpigia. Mwezi uliopita alama zilifika. Jina langu sasa limeandikwa kwenye orodha ya dunia na cheo chake mbele. Nilikaa nalitazama, nikatamani sana uniulize lile swali lako.

Leo nimekuja kumwambia mumeo, Baba Wambura, ambaye siku zote aliuita mchezo wetu kazi ya wasio na ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Na ukifungwa kesho," akauliza, "alama zikashuka, wanakunyang'anya?"

"Hapana, baba. Cheo hiki ni cha maisha. Nikifa nitakuwa nacho."

Akatikisa kichwa polepole, akatazama jiko lako lililopoa.

"Basi ingia," akasema, "ukamweleze na Wambura. Mama yake angetaka alisikie hilo kwako."

Naingia sasa, Shangazi. Lala salama.

Mtoto wa kaka yako,
Bhoke