Mkono wa Jeki

Jumatatu, 4 Mei

Mvua saa nane, kama kawaida. Majani ya chai nimeyapeleka kituoni kwa wilbaro kwa sababu pikapu imelala. Chesisi, ile fremu ya chini, imeliwa na kutu upande wa dereva, nyuma ya gurudumu la mbele. Binti yangu Akinyi amekuja likizo wiki moja kutoka gereji yake ya Kisumu na anasema ataichomelea hapa hapa nyumbani. Ana cheti. Ana mashine ya kuazima. Nimesema hapana. Akauliza kwa nini. Nikamwambia udongo ni laini.

Ni laini kweli, lakini sababu si hiyo.

Jumanne, 5 Mei

Binti yangu amenishinda. Kichwa kigumu, sijui amekitoa wapi. Mke wangu anasema nijitazame kwenye kioo.

Ameipeleka pikapu kando ya zizi, mahali pekee pasipo mteremko. Handibreki, gia, mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Chini ya jeki ameweka ubao mnene ili isizame. Sikupata la kukosoa, na nilitafuta.

Langat, jirani yetu, alikuja na magogo mawili ya mti wa blugamu. "Baba Akinyi, hii blugamu iko nguvu. Hata lori inashika." Huku kwetu kila mtu huegesha gari juu ya magogo. Akinyi alimshukuru vizuri, akasema gogo bichi linateleza na likipasuka halitoi habari, kisha akaketi juu yake akanywa chai. Gari likakalia stendi za chuma, akatoa gurudumu la mbele, na chini ya mlango akalaza la spea, endapo stendi zingeshindwa. Langat alienda zake akiwa amenuna kidogo.

Aliniomba nipampu jeki. Nikasema mgongo unauma. Mgongo wangu hauna shida yoyote.

Jumatano, 6 Mei

Mvua tangu asubuhi, hakuna kazi. Niandike basi. Daftari hili halisomwi na mtu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita. Gereji ya shamba la chai, mimi na Odhiambo. Yeye chini ya trela, mimi kwenye jeki. Stendi zilikuwepo, hatukuziweka. Tulikuwa na haraka. Mkono wa jeki, kile chuma cha kupampia, ndio huo huo unaofungua vali ya kushusha. Nilikuwa nao mkononi. Nikaona ovaroli ya bluu ikienda mferejini, nikajua Odhiambo ametoka. Sikuinama kuangalia. Wafanyakazi wote wa gereji tulivaa bluu. Nikafungua.

Niliwaambia wakubwa jeki ilivuja. Ilikuwa nzee, wakaamini, wakaitupa. Nilibeba jeneza lake hadi kwao karibu na ziwa. Auma, mjane wake, alinishika mkono akanishukuru kwa kusimama naye.

Tangu siku ile sijashika jeki. Mke wangu anadhani ni uvivu.

Alhamisi, 7 Mei

Akinyi alitaka kuinua upande wa dereva kidogo zaidi. Aligonga chesisi kwa nyundo, ikalia vizuri, akaweka jeki hapo. Kutu ilikuwa imejificha chini ya tope. Jeki ikaingia ndani ya chuma kama kidole kwenye ugali wa moto. Gari likashuka, likagonga stendi, likatulia. Inchi mbili tu. Yeye alikuwa amesimama kando.

"Si ndio maana tunaweka stendi, baba," akasema. Akahamisha jeki hadi kwenye ekseli.

Mimi nilifoka. Nilimwita mjinga, nikamwambia afungashe arudi Kisumu. Ng'ombe walishtuka. Halafu nikakaa kwenye gogo la Langat, nikamwambia yote. Ovaroli, vali, jeneza. Hata uongo wa jeki.

Hakusema si kosa langu. Nilishukuru kwa hilo. Alikaa karibu nami mpaka mvua ikaanza, kisha akaenda kufunika mashine.

Ijumaa, 8 Mei

Ametoa waya wa betri, ameegemea gari na kulisukuma kwa nguvu zake zote kuona kama linacheza. Halikucheza. Ndipo akauchomoa mkono wa jeki, akaingia nao chini.

Hakunieleza. Sikuuliza. Nilikaa asubuhi nzima nikitazama buti zake mbili na kile chuma kimelala kando ya kiuno chake. Kama Odhiambo angekuwa nacho, nisingeweza kufungua.

Nililia. Mashine ina kelele, sidhani alisikia.

Jumamosi, 9 Mei

Kazi imekwisha, imepakwa rangi nyeusi. Akinyi alirudisha gurudumu, akainua gari, akatoa stendi na spea. Akaja akasimama mbele yangu, mahali ninapomwona kuanzia kichwa hadi buti. Akanipa mkono wa jeki.

"Shusha wewe."

Nilizunguka gari nikainama kila upande. Nikazunguka tena. Chini kulikuwa na nyasi tu. Nikamwita jina, naye yuko pale pale. Akaitika. Nikamwita mara ya pili, akaitika vile vile, bila kucheka.

Nikafungua vali polepole. Gari likashuka. Magurudumu yakakaa kwenye udongo.

Nikamrudishia mkono wa jeki. Kisha nikamuuliza kama pikapu inaweza kufika ziwani. Akasema inafika.

Jumapili, 10 Mei

Hatuendi kanisani. Auma yuko hai, bado anaishi kwenye boma lile lile. Mke wangu nimemwambia yote jana jioni. Amefunga majani ya chai kwenye mfuko, nimpelekee. Akinyi ameshawasha injini. Tutateremkia njia ya Soin hadi ziwani.

Sijui Auma atanipokeaje. Sijui hata nitasemaje. Nitaanza na ovaroli ya bluu.