Maji Mepesi

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo wao kimekwisha. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenikimbia. Shangazi yupo, mgongo wake ule ule na mdomo wake ule ule. Baba ndiye sababu ya kushika kalamu. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikatiza, Kaka, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho bila kuniambia ngoja kwanza.

Makopo ya unga uliyotuma yalifika, ahsante sana. Tangu kiharusi cha pili, kama unavyojua, hakuna kitu chepesi kinachopita kinywani mwa baba. Yule mtaalamu wa kumeza wa hospitali, ambaye shangazi amempa jina la Bi Koo, alitueleza kwamba koo la baba linachelewa kufunga njia ya pumzi. Maji nayo hayana subira. Chembe zake zinashikana na kuachiana papo hapo, kwa hiyo yanateleza na kuingia mapafuni kabla koo halijapata habari. Ukitia ule unga wa wanga, unavimba, unayashika maji, yanashuka taratibu na koo linawahi. Basi chai, maziwa, supu, hata maji yenyewe ya kunywea dawa, vyote tukawa tunavikoroga mpaka viwe vizito kama shira.

Mimi hilo halikunitisha. Kule kiwandani kazi yangu ni kupima mnato wa rangi, yaani uzito wake inapotiririka: unajaza kikombe chenye tundu chini, unaachia, unatazama rangi inachukua muda gani kuisha. Nikanunua kikombe kipya cha namna hiyo nikakileta nyumbani, kila kinywaji cha baba kikawa kinapimwa. Shangazi akauliza kama nataka kumnywesha kaka yake au kumpaka ukutani. Tulicheka, hata baba upande mmoja wa uso ulicheka.

Lakini akawa anapaliwa. Kikombe kinaanza kizito vizuri, kikifika nusu anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Nikalaumu unga, nikamlaumu shangazi, tukanuniana. Kumbe ni kijiko. Kilikuwa kinatoka mdomoni mwa baba na kurudi kikombeni na mate, na mate yanavunja wanga; kile nilichokikoroga kwa kipimo kilikuwa kinarudi kuwa maji mikononi mwangu. Nikamwomba shangazi radhi. Tangu siku hiyo tunamimina kidogo kidogo kwenye kibakuli cha pembeni.

Halafu likaja lile la barafu, ambalo hukuambiwa lote. Nilikuwa kazini. Joto lilikuwa kali, midomo ya baba imepasuka, na shangazi akamwonea huruma. Akajiambia kwamba kilichokatazwa ni maji, na barafu ni kitu kigumu, tena kigumu kuliko uji wangu wote. Akamwekea kipande ulimini. Maskini, hakukosea kwamba barafu ni kitu kigumu. Chembe ni zile zile, zimejipanga tu na kushikana kila moja mahali pake. Joto la ulimi likazivunja safu, na alichomeza baba kilikuwa maji matupu. Nilimkuta midomo imebadilika rangi, shangazi anampiga mgongoni huku analia kwa sauti. Alipona. Nilimwambia shangazi maneno ambayo sitayaandika hapa.

Ni baada ya siku hiyo ndipo baba alipoanza kusema. Unakumbuka nilivyokupigia simu kwa furaha. Miezi yote hiyo kimya, halafu ghafla: ma, ma. Shangazi akasema baba alifika mlangoni mwa kifo akamwona mama amesimama, ndiyo maana anamwita. Wewe ukalia kwenye simu, mimi nikalia, ukatuma ile picha ya mama iliyokuzwa, tukaitundika miguuni mwa kitanda apate kuiona. Kila akisema ma, shangazi anamwelekezea kidole pichani na kumwambia yule pale mkeo, mtazame. Baba anageuza uso ukutani. Tukasema ni uchungu.

Wiki iliyopita mtaa wetu ulikatiwa maji. Koki ya uani ikakauka, sisi na ndoo kwa majirani wenye visima. Jumatano mchana nilikuwa chumbani nambadilishia baba shuka, koki ikaanza kukohoa na kutema hewa, kisha maji yakaanza kupiga kwenye ndoo tupu. Baba akashtuka. Akaugonga ukingo wa kitanda kwa ule mkono mzima, ma, ma, ma, na macho yakiwa dirishani, wala si kwenye picha. Kaka, niliiacha shuka. Nikamwuliza kama anamwita mama. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama anataka maji. Akafumba macho, ambayo ndiyo namna yake ya kusema ndiyo, akayafumba kwa nguvu, na machozi yakapita pembeni.

Mtu alikuwa anaomba maji, na sisi tunamwonyesha picha.

Nilikwenda kwa Bi Koo peke yangu, nikamwuliza bila kuzunguka. Akaniambia koo halitarudi tena. Kwa vinywaji vizito anaweza kwenda miezi kadhaa, labda, akiwa vile vile alivyo. Kwa maji mepesi, yatakuwa yanaingia mapafuni kidogo kidogo, na nimonia itamchukua mapema. Akasema wapo wagonjwa wanaochagua maji, na kwamba wa kuulizwa kwanza ni mwenyewe, maana akili yake ni nzima. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, nami nilitamani angenifokea.

Nikarudi nikamwuliza baba, shangazi akiwa shahidi. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa, kwamba maji haya yatamuua. Akafumba macho. Nikamwuliza tena kesho yake asubuhi, nikidhani labda hakunielewa, nikaligeuza swali: unataka tuendelee na unga? Akatikisa kichwa, na akanitazama kwa lile jicho lake la zamani la mtu aliyechoka kurudia maneno. Hapo maji yalikuwa yamezidi unga, Kaka, na sisemi kwa mafumbo.

Najua wewe ndiye mkubwa. Najua ulisema nisimpe hata tone. Ningekuuliza kwanza, ungesema hapana, na mimi ningekutii, na yeye angebaki pale anagonga kitanda. Ndiyo maana sikukuuliza.

Nimempa. Tangu Ijumaa nampa. Nilimkalisha wima, nikamimina maji ya mtungini kwenye glasi, si kikombe cha kiwandani, nikamshikia kidevu. Alikohoa sana. Nilitaka kuiondoa, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akanywa tena. Kisha akalala, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona mwaka huu wote. Shangazi alitoka nje, hakuweza kutazama. Mimi nilitazama.

Jana homa ilianza. Kifua kinasikika hata ukiwa mlangoni. Muuguzi wa mtaani amekuja, ametuachia dawa ya kumtuliza, na amesema kama kuna watu wa mbali waitwe. Naogopa, Kaka. Nikisikia anakohoa najiambia nimemuua baba yangu, halafu naingia chumbani, ananiona, anatazama glasi, nami nampa.

Barua hii naipa dereva wa basi la leo, itakufikia kesho jioni. Njoo. Ukimkuta, mpe maji wewe mwenyewe. Mwinue kwanza, usimharakishe, na akikohoa usikimbie. Kama huwezi kumpa, basi kaa naye tu, lakini usiniondolee glasi. Na ukifika usimkute, usimtafute shangazi umwulize nini kimetokea. Niulize mimi. Glasi niliishika mimi.

Msalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu, anasema uje na koti kwa sababu asubuhi kuna baridi. Baba amelala.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa