Somo la Saba la Tachiki Genzo

Jumanne, 4 Novemba

Uji. Vidonge vya asubuhi. Muda kidogo dirishani nikiangalia ndege zikishuka. Ghorofa yetu haina kingine cha kuonyesha.

Nimeficha jambo moja tangu nilipoanza kufundisha upanga, kwanza Tanga na sasa hapa Toronto. Masomo sita ninayofundisha ni ya Tachiki Genzo, samurai wa kaskazini mwa Japani. Niliyapata kwa mwalimu wangu, mzee Sakuma, nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi huko. La saba, lile ambalo watu hulipigia makofi, si la Genzo. Nililitunga mwenyewe.

Nekesa hajui. Au anajua.

Nekesa ni mwanafunzi wangu mkuu. Mkenya, mtu wa kompyuta, ameshikamana nami kuliko wote. Jana alirudi kutoka Japani. Alikwenda hadi mji ule ule wa theluji nilikosoma na kufanya mazoezi na watu wa mzee Sakuma. Ameniletea majani ya chai na soksi nzito. Amenisimulia treni, vyoo, bei ya matunda. Kuhusu Somo la Saba, kimya. Mtu hanyamazi hivyo bila sababu.

Alhamisi, 6 Novemba

Darasa. Binti yangu Neema alinisukuma na kiti changu hadi ukumbi wa kanisa, akilalamikia baridi njia nzima. Wanafunzi walipiga deki kwanza, kama kawaida. Mikono yangu inatetemeka, sionyeshi tena. Nafundisha kwa mdomo.

Nekesa alifanya masomo sita. Safi, tena safi kuliko alivyoondoka. Nilipomwambia afanye la saba, akasema goti linamuuma. Goti hilo halikumuuma katika la tatu, ambalo ni la kupiga magoti mwanzo hadi mwisho.

Kisha akatoa habari mbele ya wote. Mkuu wa shule ya upanga ya Genzo anakuja Toronto na mkewe kumwona mtoto wao anayeishi hapa hapa, mtaa wa Agincourt. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano, watapita ukumbini kututazama. Nekesa ataonyesha masomo yote. Amewaalika yeye. Hakuniuliza.

Nikafunga darasa kwa namna yangu ya siku zote. Upanga mapajani. Nikashika mpini, nikawatazama, nikaachia. Nikausukuma upanga juu ya meza, mbali nami, nikakaa na mikono mitupu mpaka wa mwisho alipobeba mfuko wake. Huo ndio muda pekee ambao kifua hakinibani.

Ijumaa, 7 Novemba

Daktari. Moyo umechoka. Neema alinitafsiria kana kwamba sijui Kiingereza.

Jioni Nekesa alikuja. Yeye na Neema walinong'ona jikoni. Magurudumu yangu yalipolia, wakanyamaza. Baadaye Neema akaniuliza, anakunja nguo, hanitazami, ule upanga ningependa ukae na nani. Nikamjibu kwamba kwa sasa unakaa na mimi.

Nimeutoa uvunguni na kuuficha kabatini, nyuma ya makoti. Kazi hiyo imenimaliza pumzi. Lakini sasa najua ulipo, na wao hawajui.

Jumapili, 9 Novemba

Neema yuko kanisani. Niandike juu ya Genzo nikiwa bado na nguvu ya kushika kalamu.

Alikuwa mtoto wa samurai wa cheo cha chini. Ujanani alimtumikia bwana mmoja wa ngome, na kwa upanga wake aliua watu sita, mmoja mmoja, ana kwa ana. Kila somo ni mmoja wao. Yule wa mlangoni. Yule wa darajani. Yule aliyemjia nyuma wakati wa mvua. Bwana wake alipoanguka, Genzo aliuza mavazi yake ya vita, akalima figili, akafundisha watoto wa wakulima ndani ya ghala la mpunga. Uzeeni mikono yake ilitetemeka kama yangu. Ndipo akatunga la saba. Hakusema linamhusu nani. Sisi vijana tuliamini ni adui mkubwa kuliko wale sita.

Desturi ya shule: la saba hutolewa faraghani, mwalimu anapouona mwisho wake, kwa mwanafunzi anayemwamini. Mzee Sakuma aliniita. Ilikuwa mchana, chumba cha baridi, anakohoa ndani ya taulo. Niliingia nikiwa na hamu ya miaka yangu yote ya huko. Nikatoka mikono mitupu.

Njiani niliwaza: hawezi kumpa Mwafrika. Sikurudi kumuaga. Alikufa theluji haijayeyuka.

Nilirudi Tanga, nikaanza kufundisha, na watu wakauliza la saba liko wapi. Nikatunga. Mapigo matatu na mgeuko mmoja. Zuri kweli. Nililitunga kwa hasira.

Na Jumamosi Nekesa atalicheza mbele ya watu wa Genzo, akiamini ni lao. Wataliona si lao. Aibu itakuwa yake, na hana kosa. Lazima nimwambie. Isipokuwa kama anajua tayari, na amewaleta hao watu wanishuhudie nikivuliwa nguo.

Jumanne, 11 Novemba

Nekesa alileta sukuma wiki na ugali. Shikamoo yake ya kujifunza, bado anaitamka kama anaagiza soda. Nilipanga kumwambia akimaliza kuosha vyombo.

Akanitangulia. Akauliza, bila kugeuka, kama mzee Sakuma alinifundisha la saba kwa siku moja au alilirudia.

Siku moja, nikasema.

"Basi mbona mgeuko wake unabadilika kila mwaka, Mwalimu? Mwaka juzi ulikuwa kushoto."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza kama amekuja kunipeleleza.

"Mpelelezi gani anakupikia mboga?"

"Mjanja."

Aliweka kitambaa chini taratibu. Akasema, "Mwalimu, mimi sina haja ya kukupeleleza. Nimekutazama miaka yote hii." Nikamwambia aende nyumbani. Akaenda. Mboga zilikuwa nzuri, na hilo limeniudhi zaidi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeanguka bafuni. Hakuna kilichovunjika. Neema ameondoa ufunguo wa mlango wa bafu. Sasa hata huko naingia kama mshukiwa.

Aliuliza pia makoti yamesogezwa na nani. Nikajifanya nimelala.

Ijumaa, 14 Novemba

Kesho.

Nilimpigia Nekesa simu mchana. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: nililitunga, usilifanye. Neema akaingia na vidonge. Nikasema tu, usifanye la saba. Akauliza kwa nini. Nikasema, goti lako.

"Goti limepona, Mwalimu."

Sauti yake ilikuwa tulivu mno. Nikakata simu. Mimi ni mwoga. Nimeliandika ili nisilikwepe.

Jumamosi, 15 Novemba

Ukumbi ulijaa. Mkuu wa shule ni mjukuu wa mzee Sakuma. Nywele nyeupe, masikio ya babu yake yale yale. Aliinama mbele ya kiti changu kwa muda mrefu, na nikamshuku hata kwa hilo.

Nekesa alikuja kuulizia upanga wangu. Alitaka kuutumia. Neema akasema ulikuwa nyuma ya makoti, ameuleta, uko ndani ya gari. Kumbe alijua siku zote.

La kwanza hadi la sita. Sauti ya upanga ukikata hewa, na mtoto wa mtu akikohoa. Nilitaka kusema acha.

Nekesa akasimama katikati. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, kwamba hili la mwisho amepewa na mwalimu wake. Akanielekezea mkono. Kisha akapiga magoti.

Akashika mpini. Akatazama mbele kwa muda. Akaachia. Akautoa upanga mshipini, ukiwa bado ndani ya ala yake, akausukuma mbali na goti lake. Akaweka mikono juu ya mapaja. Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mjukuu wa Sakuma na mkewe waliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Walinielekea mimi.

Baadaye mkewe alinieleza, kwa Kiingereza chake cha polepole. Siku hizi la saba hawalifichi tena, na Nekesa walimwonyesha. Yule wa saba alikuwa kijana aliyekuja kulipiza kisasi cha baba yake. Genzo, mzee, anatetemeka, angeweza bado kumuua. Akausukuma upanga mbali na kumsubiri. Kijana alirudi kwao. Ndiye mtu pekee aliyekwenda kwa Genzo na upanga na kuondoka akiwa hai.

Garini Nekesa alinifunika miguu. Nikamuuliza kwa nini alisema nimempa mimi.

"Si umetupa? Unalifanya kila Alhamisi ukifunga darasa. Nilipoliona kule nikasema, aa, hili nalijua." Akaniwekea kofia vizuri. "Nikafahamu ulikuwa unatupima. La makofi kwa wapiga makofi, la kweli kwa wanaotazama."

Ameniona mwalimu mkubwa. Sikumsahihisha. Neema aliwasha gari.

Jumapili, 16 Novemba

Theluji ya kwanza. Nyepesi, inayeyuka ikigusa kioo.

Nimempigia Nekesa. Nimemwambia sikuwa nampima mtu. La makofi nililitunga kwa sababu ya hasira. Lile la Alhamisi sikujua kama ninalifanya. Nikangoja hasira yake, nilikuwa nimejiandaa nayo. Akauliza kama Jumanne alete sukuma wiki au mchicha. Nikasema mchicha. Upanga nao auchukue, nikasema, akija.

Limebaki jambo moja. Nililiandika vibaya Jumapili iliyopita, hata humu ambamo hasomi mtu.

Mchana ule, katika chumba cha baridi, mzee Sakuma aliketi mbele yangu. Akashika mpini, akanitazama, akaachia, akausukuma upanga mbali na goti lake. Nikangoja. Akasema, "Ni hilo tu."

Alinipa lote. Mimi ndiye niliyeamini amenificha.