Breki za Gari la Baba

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana najua siku hizi kuketi kwako ni kwa bahati. Barua yako niliipata Jumanne. Nilifurahi kusikia kwamba vidonda vya mgongoni mwa Baba vimeanza kukauka, nikasikitika kwamba mgongo wako wewe ndio sasa unauma kwa kumgeuza kitandani. Jaribu kujifunga kitambaa kizito kiunoni kabla ya kumwinua. Mimi sijambo. Bado natunza stoo ya vipuri kwenye karakana ya mabasi, bado nakaa chumba kile chenye dirisha linalotazama ukuta, na msimamizi bado ananiita Bwana Kalamu kwa kuwa naichomeka sikioni kutwa.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama naweza kurudi nyumbani walau miezi miwili nawe upumue. La pili, kama katika mji huu nimewahi kusikia habari za shemeji, maana miaka minne imetosha na ungependa kumwomba radhi, na akikubali, urudi kwake. Umeandika kwamba hasira zimekwisha, kwamba hata fundi hodari huteleza. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi. Nitakujibu yote mawili, ila itabidi nianzie mbali kidogo.

Unajua Baba alivyolipenda lile gari. Lilinizidi umri kwa miaka kumi na moja, na Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiliita mke mwenzake, tena mke anayeogeshwa kila Jumamosi. Shemeji alipoona matone chini ya gurudumu la nyuma, alilala chali uvunguni, akatoka na kidole kilicholowa, akakinusa, akasema mabomba ya breki yameliwa na kutu yote, na kuyatia viraka ni kujidanganya. Alileta mabomba mapya ya shaba akayakunja kwa mikono, akifuata kila pindo la yale ya zamani, taratibu kama mtu anayemnyoa mtoto. Mimi nilikaa kwenye usukani. Akisema kanyaga, nakanyaga pedali. Akisema shikilia, nashikilia, ili yeye atoe hewa iliyobaki ndani ya mabomba.

Wewe siku ile ulikuwa kazini, kwa hiyo hukuyasikia. Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni pamoja na jirani yetu fundi cherehani. Mguu wangu ukateleza kwenye pedali, hewa ikarudi ndani. Shemeji akasema si neno, turudie. Baba ndiye aliyelikuza. Alimwambia fundi cherehani kwamba amenilisha miaka ishirini na saba na bado hajagundua mimi ni wa kazi gani, ilhali hata jiwe la kuzuia gurudumu lina kazi yake. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akamwonyesha shemeji: “Siku nikifa, hili ni lako. Huyu usimwachie hata kofia ya gurudumu.” Fundi cherehani alicheka mpaka akashika ukuta. Shemeji hakucheka. Aliinamisha kichwa kwa kunionea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko.

Baada ya chakula Baba aliingia kulala. Shemeji alikuwa amekwisha kufunga magurudumu na kulishusha gari kwenye jeki, kwa sababu Baba alitaka lisimame sawasawa lioshwe. Alipolikagua kwa mara ya mwisho, aliona nati ya bomba la nyuma imelika meno na inavuja, na nyingine ya kipimo kile hakuwa nayo. Wakati huohuo akaitwa kwenye banda lake la ufundi. Mengine unayajua kama yalivyosimuliwa kikaoni: gari lilishuka ule mteremko wa shule bila breki, likapasua ukuta wa mashine ya kusaga, na Baba akatolewa akiwa hai kuanzia kifuani kwenda juu.

Kikao nacho unakikumbuka. Baba mdogo aliketi katikati, na shemeji akasema mbele ya watu wote kwamba hakuliacha gari vile kwa uzembe, kwamba aliacha ujumbe, na aliuacha kwangu. Nikaulizwa. Nikaapa kwamba sikuambiwa kitu. Ulimtazama yeye, ukanitazama mimi, ukaichagua damu. Nilikubebea sanduku lako siku ulipohama kwake. Njiani ulilia, nami nikakwambia mwanamume anayemsingizia mdogo wako ili ajiokoe hafai hata kuliliwa. Watu waliacha kumpelekea magari. Mwaka haukwisha akafunga banda lake akaondoka, nami nikapata kazi huku nikakuachia Baba.

Dada, ujumbe aliniachia.

Alinishika bega, akaniambia nimwambie mzee asiliguse gari mpaka kesho arudi na nati mpya. Alinieleza vizuri, nami si mjinga kama Baba alivyodhani. Alisema kwenye magari ya zamani breki zote hunywa kisima kimoja, pakivuja mahali pamoja zimekufa zote nne. Utakanyaga mara ya kwanza itashika, ya pili italegea, ya tatu hakuna kitu. Baba alipoamka aliniuliza kama shemeji amemaliza. Nikamjibu amemaliza na amekwenda zake. Nilimfungulia geti mwenyewe. Nilitaka ajigonge kwenye mti wa jirani, lile gari likunjike uso, na huyo mkwe wake wa dhahabu aonekane bure mbele ya fundi cherehani. Mteremko sikuufikiria. Au niliufikiria nikaunyamazia. Siku hizi siwezi tena kutenganisha.

Hayo ni ya zamani, na pengine ungeniambia nilikuwa na hasira. Basi sikia ya juzi. Shemeji yuko huku. Ni fundi wa breki katika karakana hii hii, na kwa miezi saba nimekuwa nikimpa vipuri kupitia dirisha la stoo. Siku ya kwanza aliponiona hakunitukana. Aliuliza kama Baba anaweza kukaa, kisha akauliza habari zako. Alisema hajaoa tena, na kwamba ukimtumia neno moja tu atapanda basi la kwanza.

Nikamwambia umeolewa na una mtoto wa kike.

Alinishukuru kwa kumwambia ukweli, akachukua vipuri vyake akaenda. Nilifanya hivyo kwa sababu nilipiga hesabu rahisi: wewe ukirudi kwa mumeo, atakayeitwa nyumbani kumgeuza Baba na kumsafisha ni mimi. Sikuweza. Mikono yangu inakataa kumgusa, na si kwa kinyaa. Jumamosi iliyopita shemeji alimwoa mpishi wa kantini yetu, mwanamke mpole. Nilialikwa. Nilikaa mstari wa tatu, nikala, nikapiga makofi.

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu tangu Jumanne. Ningeweza kumwonyesha Jumatano, Alhamisi, hata Jumamosi asubuhi. Usidhani nimekuandikia haya kwa kutubu, maana mwenye kutubu angeandika kabla ya ndoa. Nimeandika kwa sababu umemwita fundi aliyeteleza, na mtu yule hakuteleza. Hilo tu ndilo nililoshindwa kulibeba. Mengine naona nayaweza.

La kurudi nyumbani, sitarudi. Usimwandikie yeye, utamvunjia nyumba na hutapata ya kwako. Mimi niandikie lolote unalotaka, au usiandike kabisa.

Nisalimie baba mdogo, na fundi cherehani kama bado yupo hai. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya pili, ina salamu tu na habari za mvua. Hiyo ndiyo umsomee Baba. Najua huwa anakwambia uparudie mara mbili pale ninapomwita mzazi wangu mpendwa.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja.